Mitungi Sita ya Ng'ambo

Kirumba nzima, hapa Mwanza, hakuna mtu aliyeiogopa kompyuta kama Teodora, na nasema hivi huku namheshimu. Nyoka anamuua kwa mpini wa jembe, hilo nimeliona kwa macho yangu. Miaka kumi na tisa amekaa kwenye bohari ya gesi, pembeni ya mitungi ambayo ukiuangusha mmoja vibaya unaweza kung'oa ukuta, na sijawahi kusikia ametetemeka. Lakini siku Rahim, bosi wake mpya, alipoleta seva, Teodora alirudi nyumbani tumbo linamwendesha.

Kazini wanamwita Mama Justa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Bohari ile inajaza gesi za aina mbili: ya mafundi wa kuchomelea vyuma, na oksijeni ya wagonjwa. Ya mafundi haimhusu. Yeye kazi yake ni kujua kila hospitali na kila kituo cha afya kina mitungi mingapi mizima, na lini gari liwapelekee mingine. Anahudumia mjini, Magu, Misungwi, na kule ng'ambo ya ziwa ukishavuka kwa kivuko cha Kamanga. Zana zake zilikuwa ubao mweusi, chaki na simu. Kila siku saa tisa alasiri anawapigia wote, mmoja baada ya mwingine: "Mtungi wa mwisho mmeufungua lini?" Anasikiliza, anaandika ubaoni, gari likirudi anafuta. Hakuna kituo kilichowahi kuishiwa hewa mikononi mwake. Alikuwa na majivuno kidogo juu ya hilo, na kwa maoni yangu alistahili kuwa nayo.

Kisha mzee mwenye mali akafariki, bohari ikaangukia kwa mwanawe Rahim. Tusimwonee Rahim, si mtu mbaya. Ana miaka thelathini na minne, anawaamkia wakubwa wake shikamoo hata akiwa na haraka, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Ila mwezi ule ule seva ilipofungwa, alimwachisha kazi Dorcas, aliyekuwa akiandika hati za mizigo kwa miaka kumi na minne. Alimwachisha kwa adabu zote, na keki juu. Watu wakapiga makofi, Dorcas akakata keki huku analia. Teodora alipewa kipande chake, akakila kwa shida, na tangu siku hiyo akawa anahesabu waliobaki.

Seva yenyewe ilikuwa sanduku jeusi lenye vitaa vya kijani. Ikawekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magunia, ikafungiwa kiyoyozi chake peke yake, wafanyakazi wanajipepea kwa kadibodi. Akaja kijana wa kuwafundisha, Jonathan, mpole, miwani imemshuka puani. Akawaeleza kwamba ile ni kompyuta isiyokaliwa na mtu, kazi yake kutunza na kugawa tu. Humo ndani kuna jedwali moja la mitungi. Wote mtalishika kwa pamoja, akasema: Mama Justa mezani kwake, dereva kwenye simu yake, bosi akiwa nyumbani, na vituo vya afya huko huko viliko. Mmoja akiandika, wengine wanaona papo hapo.

"Na mtu akikosea akafuta?" Teodora aliuliza.

"Linafutika kwa wote, mama. Lakini usiwe na wasiwasi, seva inakumbuka kila kitu. Nani kaandika, nani kafuta, na saa ngapi."

Alisema vile ili kumtuliza, maskini. Teodora alilala na maneno yale siku tatu.

Siku ya kujaribu, Jonathan alirusha jedwali ukutani kwa projekta, kila mtu aandike safu moja. Kila anayeandika anatokea na alama yake ya rangi, na jina limening'inia juu yake. Zamu ya Teodora ilipofika, akabonyeza herufi kama mtu anayebonyeza kengele ya geti, akashikilia. Neno Sengerema likatokea na herufi e kumi na kitu, likavuka ukingo wa safu, ukuta mzima unaona. Masele, dereva wa lori, alicheka hadi akaegemea mlango. "Mama Justa, hiyo Sengerema yako inafika Bukoba." Kila mtu akacheka. Rahim naye alitabasamu, kidogo tu, akainamia simu yake. Teodora hakumbuki kicheko cha Masele, walishazoeana kutaniana tangu enzi za mzee. Anakumbuka lile tabasamu.

Basi kuanzia hapo kazi ikawa mateso. Anafungua jedwali asubuhi, na alama ya bluu yenye jina la Rahim imeshasimama humo. Akishuka safu ya tano, anaiona iko ya sita. Vidole vinakufa ganzi. Anahisi mtu kamsimamia mgongoni, anamhesabia makosa, ananunua keki kichwani mwake. Kumbe Rahim alikuwa analifungua jedwali asubuhi na mara nyingi kuliacha wazi siku nzima, mwenyewe yuko kwa fundi gari au anakunywa chai. Ile alama haikuwa inamtazama mtu. Lakini nani amwambie, na yeye hakumuuliza mtu, maana kuuliza nako ni kuonyesha kwamba hujui.

Alichofanya ni kumfuata Jonathan siku ya mwisho ya mafunzo, wakiwa wawili tu. Akamwomba sehemu ya kujizoezea ambako hakuna anayemwona. Jonathan akatoa nakala ya lile jedwali, safu zile zile, rangi zile zile, ikawa ya Teodora peke yake. "Humu andika unavyotaka, mama. Ukiharibu, umejiharibia mwenyewe."

Teodora akapumua kwa mara ya kwanza tangu seva iingie. Ninyi mliosoma shule zetu mnalijua daftari la rafu. Unakokotoa hesabu humo, unakatakata, unachafua, ukiridhika ndipo unahamishia kwenye daftari safi analosahihisha mwalimu. Teodora alisoma hivyo hadi darasa la saba, na ndivyo alivyoamua kufanya kazi. Oda ikija anaiandika kwenye rafu. Anaisoma, anairekebisha, anaisoma tena. Kisha anachungulia jedwali la kweli, akikuta alama ya bluu haipo, anahamishia haraka haraka na kutoka. Akikuta ipo, anasubiri. Wiki tatu kazi ilikwenda hivyo, vidole vikaanza kuwa vyepesi, hata Rahim akamwambia siku moja, "Mama Justa, naona umeshakuwa mtaalamu." Akaitikia asante, jasho linamtiririka.

Zile simu za saa tisa Rahim alizisimamisha. Alisema hazina haja tena, kila kituo kitajiandikia. Wengi walijiandikia kweli. Aliyeshindwa ni Sista Wilhelmina, mtawa anayesimamia kituo kimoja cha afya ng'ambo, ambako mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka. Sista aliendelea kupiga simu, na Teodora akimwandikia.

Jumatatu mchana Sista akapiga. Mashine yao ya umeme ya kutengeneza oksijeni imekufa tangu Pasaka, wamebaki na mitungi miwili, na wodini kuna mtoto mchanga mwenye nimonia. Anaomba mitungi sita kwa gari la Jumanne asubuhi. "Itakuja, Sista, wala usiwaze," Teodora akasema, akaiandika kwenye rafu. Akachungulia jedwali la kweli. Alama ya bluu ilikuwa imesimama pale pale kwenye safu za ng'ambo. Akasubiri. Saa nane, ipo. Saa tisa, ipo. Saa kumi wenzake wa jumuiya wakamjia wakamkumbusha msiba wa jirani, akachukua kitenge chake akatoka. Njiani alikuwa na amani kabisa. Oda ya Sista alikuwa ameiandika, si alikumbuka hata mkono wake ulivyoiandika.

Jumanne asubuhi Masele aliangalia jedwali kwenye simu yake, akaona ng'ambo hakuna oda, akapakia ya Magu, akaondoka.

Saa tano na dakika kumi simu ikalia mezani kwa Teodora.

"Mama Justa, Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista."

"Gari halijafika. Mtungi wa mwisho tumeufungua alfajiri. Nimepunguza hewa hadi pale ninapoweza, lakini saa nane haitafika bado unatoa. Dereva yuko wapi?"

Teodora akatazama kompyuta. Oda ilikuwepo, mitungi sita, kwa herufi zilizonyooka. Akafungua mdomo kusema gari liko njiani. Ndipo jicho lake lilipopanda juu ya jedwali na kusoma lile neno la kwanza, Nakala, na akahisi kiti kinashuka chini yake. "Nafuatilia, Sista," akasema, akakata simu.

Sasa hapa ndipo ningependa kusimulia kitu kingine. Ningependa kusema aliinuka akapiga kelele. Mitungi mizima ilikuwa imejaa bohari, pikapu ndogo ilikuwa uani na ufunguo wake ndani, kivuko cha saa sita kilikuwa hakijaondoka, na kutoka Kirumba hadi gatini ni mwendo mfupi. Rahim alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Hatua kumi na mbili.

Hakuinuka. Hofu ilimshika shingo na kumgeuzia kwenye kioo cha kompyuta. Akaingia jedwali la kweli akaandika oda ya Sista. Seva ikaweka tarehe ya leo, Jumanne. Akaifuta, akaandika Jumatatu. Ile safu ikaruka yenyewe ikajipanga mahali pengine, akaitafuta, akaiona, akaifuta. Akaandika tena. Alichotaka ni kidogo tu: ionekane oda iliingia jana, ili iwe Masele ndiye hakuona. Masele ni kipenzi cha watu, Masele hawezi kufukuzwa kwa kosa moja. Alijiambia hivyo, na wala hakuona aibu, maana hofu ikiwa kubwa haibakizi nafasi ya aibu. Akajaribu kwa mara ya nne. Safari hii Jumatatu ikakaa. Akaitazama, vidole vimelowa.

Simu ikalia tena.

"Mama Justa, gari limeshatoka?" Nyuma ya sauti ya Sista kulikuwa na mwanamke analia, si kwa kelele, ni kile kilio cha mtu aliyekwisha kulia sana. "Huyo ni mama yake mtoto. Nimwambie nini?"

Teodora aliweka simu mezani bila kuikata. Akainuka, akaenda mlangoni kwa Rahim. "Baba, nimekosea," akasema. "Oda ya Sista sikuiandika. Niliandika kwenye rafu. Kuna mtoto hana hewa."

Rahim hakuuliza rafu ni nini, na kwa hilo nampa heshima yake. Alikimbia yeye mwenyewe uani, akabeba mitungi yeye na vijana wa kujazia, suruali nyeupe ikawa nyeusi. Akashika usukani, Teodora pembeni yake. Walifika gatini saa sita na dakika nne. Kivuko kilikuwa kimeshajitoa, kiko mbali kiasi cha uwanja wa mpira hivi, watu waliomo ndani unawaona nyuso. Rahim akapiga honi. Akaendelea kupiga, ingawa alijua. Teodora alikaa ameziba mdomo kwa kitenge.

Wakasubiri kingine saa nzima, katika jua. Teodora alikuwa anasali, lakini kila akianza Salamu Maria anajikuta anahesabu: dakika ishirini na mbili amekaa kwenye kiti, kivuko wamekikosa kwa dakika nne.

Kituoni walifika saa nane na robo. Mtungi ulikuwa umekwisha dakika ishirini zilizopita. Walimkuta Sista na muuguzi mmoja wanapokezana kumpumulisha mtoto kwa ule mpira wa mkono, Sista shela limemvuka, jasho linamdondokea mtoto kifuani. Wakafunga mtungi mpya. Teodora hakuingia wodini. Alibaki nje ameshika ukuta, anasikiliza, na kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha mtoto akalia, sauti nyembamba, ya kukwaruza. Akakaa chini pale pale kwenye saruji.

Jumatano Rahim alimwita. Kompyuta yake ilikuwa wazi, imeorodhesha kila kitu kilichofanywa kwenye jedwali siku ya Jumanne: jina la Teodora, saa, alichoandika, alichofuta. Jumanne, akafuta. Jumatatu, akafuta. Mstari kwa mstari. Hakupandisha sauti.

"Sista alipiga simu saa tano na dakika kumi. Ulikuja kwangu saa tano na dakika thelathini na mbili. Mama Justa, kosa nalielewa, kila mtu anakosea. Hizi dakika ishirini na mbili ndizo sizielewi."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, na mtoto yuko vile?"

"Nilikuwa nakuogopa wewe, baba."

Rahim alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichokijua. "Mimi?" akasema. Alizungusha kalamu mezani. Kisha akasema, "Ijumaa gari linakwenda ng'ambo. Panda nalo. Kule wanastahili maelezo, na mimi sitayapeleka kwa niaba yako. Ukirudi tutaongea habari za kazi."

Ijumaa alipanda na Masele. Kwenye kivuko alimwambia Masele yote, hata ile habari ya Jumatatu, kwamba alitaka kumbebesha yeye. Masele alitazama maji. "Nina watoto wanne, Mama Justa," alisema tu, akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

Kituoni Sista alikuwa kwenye foleni ya wagonjwa, akamwonyesha wodi kwa kidole. Mama wa mtoto aliitwa Kija, binti wa miaka ishirini hivi, kanga imefifia, macho yamevimba bado. Mtoto hakuwa tena na mpira puani. Alikuwa amelala amekunja ngumi, tumbo lake linapanda na kushuka.

"Mimi natoka Mwanza, kwenye mitungi," Teodora akasema.

Kija akaruka kutoka kitandani. Akapiga goti, goti kabisa, akamshika mikono yote miwili. "Mama, shikamoo. Ni ninyi mliomleta huyu duniani mara ya pili. Sista aliniambia mlikimbia na gari wenyewe. Mimi sina cha kuwapa." Akachakura chini ya kitanda, akatoa mfuko wa michembe, viazi vile vilivyokaushwa, akaubana kwenye kwapa la Teodora. Kisha, kabla Teodora hajapata sauti, akamwinua mtoto akamweka mikononi mwake. "Mshike, mama. Mbariki."

Mtoto alikuwa wa moto na mwepesi. Alinukia maziwa. Teodora akamtazama, na hofu ikarudi, ile ile, na safari hii hakukuwa na kompyuta wala Rahim wala keki. Ingekuwa rahisi mno. Hakuna mtu mwingine pale wodini aliyekuwa anasikiliza. Angesema amina, angebariki, angeondoka na michembe yake, na binti huyu angemwombea kila usiku hadi uzee wake. Akajisikia anaanza kutabasamu, na akajua kwamba dakika zimeanza kwenda tena.

"Mwanangu, keti," akasema. "Hewa ilichelewa kwa sababu yangu. Oda niliiandika mahali asipoona mtu, nikasahau. Hilo ni kosa. Lakini Sista aliponipigia nikajua, na sikusema. Nilikaa nikijaribu kuficha, dakika ishirini na mbili, na mtoto wako yuko hivi. Kivuko tulikikosa kwa sababu hiyo."

Kija hakuelewa mara moja. Alikuwa bado ana kicheko usoni, kikabaki pale kimesahaulika. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?"

"Nilikusikia kwenye simu."

Wodini wanawake wengine walikuwa wanaongea Kisukuma, mmoja anamenya ndizi. Kija alisimama. Alinyoosha mikono yake, akamchukua mwanawe.